Kupima ushindiliaji wa udongo: mwongozo kamili kwa saiti za Nyanda za Juu Kusini

Karatasi ya maabara inasema asilimia 97, lakini ukikanyaga lea, yaani tabaka ya udongo iliyomwagwa na kushindiliwa, kisigino kinazama. Kabla hujaanza kubishana na opareta wa rola, uliza: asilimia 97 ya nini? Namba ile hupatikana kwa kuchukua densiti kavu ya udongo uliochimbwa barabarani na kuigawa kwa MDD, yaani densiti kavu ya juu kabisa ambayo udongo huohuo ulifikia ulipopondwa maabara. Kama udongo wa maabara na wa barabarani si mmoja, umegawanya embe kwa ndizi, na hesabu hata ikiwa safi haikusaidii kitu.

Huku kwetu kosa hilo ni rahisi kutokea. Ukitoka Iringa kuelekea Mafinga unafanya kazi na udongo mwekundu na chengachenga za mwamba wa graniti uliooza. Ukishuka Igawa na Chimala, kando ya bonde la Usangu, unakutana na mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Ukifika Uyole na kupinda kushoto kwenda Tukuyu, chini ya miguu yako kuna majivu ya volkano na mawe mepesi yanayoelea majini. Mkandarasi mmoja anaweza kukutana na aina zote hizo ndani ya mkataba mmoja. Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na shimo la testi, unaanza machimboni.

Jua unapimwa kwa kipimo kipi

Testi ya maabara tunayotumia ilitokana na kazi ya Ralph Proctor, mhandisi wa mabwawa wa Los Angeles, aliyeichapisha mwaka 1933. Alionyesha kwamba kwa nguvu ileile ya kuponda, udongo mkavu mno haushikani na ulioloa mno hausongamani. Katikati kuna kiwango kimoja cha maji, OMC, kinachotoa densiti ya juu kuliko vyote.

Ila nguvu ya kuponda ina madaraja mawili, na hapa watu huchanganya. Katika kipimo chepesi, nyundo ya kilo 2.5 huangushwa kutoka milimita 300, udongo ukiwa kwenye kopo la lita moja kwa tabaka 3, kila tabaka mapigo 27. Katika kipimo kizito nyundo ni ya kilo 4.5, inaangushwa kutoka milimita 450, tabaka ni 5, mapigo ni 27 yaleyale. Ukipiga hesabu ya nishati, kizito kinazidi chepesi mara nne na nusu. Asilimia 95 ya chepesi na asilimia 95 ya kizito ni vitu viwili mbalimbali kabisa, kwa hiyo ukiona ripoti imeandikwa "95% MDD" bila kutaja daraja, irudishe. Barabara zetu husanifiwa kwa kipimo kizito, kama ulivyo mwongozo wa Wizara ya Ujenzi wa mwaka 1999. Mara nyingi utakuta tuta la chini linadaiwa asilimia 90, tabaka za juu za udongo 93 hadi 95, na lea za kubeba lami 95 na kuendelea. Soma mkataba wako. Huo ndio unaotawala.

Machimboni

Chukua sampuli kwa kila rangi unayoiona kwenye ukuta wa machimbo, usichanganye. Iandike: machimbo gani, upande gani, kina gani, tarehe. Kijiko cha mashine ya kuchimbia kikishuka mita mbili na rangi ikabadilika kutoka nyekundu kwenda njano au nyeupe, hiyo ni MDD mpya. Fundi sanifu anayebeba MDD moja kutoka Januari hadi Juni anajidanganya mwenyewe.

Kwa udongo mwekundu wa Iringa na moramu nyingi, kipimo cha mkono kinakupa picha nzuri. Kamata konzi moja, fumbata kwa nguvu, fumbua. Likitoka donge linaloshikana, na ukilidondosha kutoka usawa wa kiuno likapasuka vipande vichache, uko karibu na OMC. Likimomonyoka mkononi, ni kavu. Likiacha kiganja kimelowa na kung'aa, limezidi.

Kwa majivu ya Rungwe, yale ya njia ya Tukuyu, kipimo hicho usikiamini. Udongo ule unauona mkavu, wa unga, mwepesi mkononi. Weka kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, usugue kwa nguvu: ghafla unateleza, unakuwa wa mafuta, na maji yanajitokeza. Maji yalikuwemo muda wote, yamejificha ndani ya chembe. Udongo wa namna hii unaweza kubeba maji mengi ajabu na bado ukasimama wima kwenye ukuta wa barabara. Usishtuke pia MDD yake ikitoka chini ya 1.3 (gramu kwa sentimita ya ujazo, sawa na tani kwa mita ya ujazo), wakati moramu ya kawaida inakwenda 1.9 au zaidi.

Jambo kubwa zaidi kuhusu majivu hayo: ukiyaanika yakakauka kabisa, hayarudi yalivyokuwa hata uyaloweshe upya. Mazoea ya maabara nyingi ni kuanika sampuli, kuiponda, kisha kuongeza maji kidogokidogo na kupiga testi. Kwa majivu ya volkano, mazoea hayo yatakupa MDD kubwa na OMC ndogo ambazo saiti hutazifikia kamwe, maana saiti udongo haujapitia juani. Waambie vijana wa maabara waanze na unyevu wa asili na kushuka, na kila pointi ya mchoro wa densiti na unyevu itumie sampuli mpya, si ileile inayopondwa mara tano. Pia kausha vipande viwili vya sampuli moja, kimoja kwa nyuzi 105 na kingine kwa nyuzi 50 kwa muda mrefu. Majibu ya unyevu yakipishana kwa asilimia kadhaa, oveni inafukuza hata maji yaliyo sehemu ya chembe zenyewe. Kubalianeni na mhandisi mshauri joto la kutumia, kisha mlitumie hilohilo maabara na saiti.

Mfinyanzi mweusi wa Usangu sitaupotezea muda hapa. Haufai kujengea tuta la barabara, na kuushindilia mkavu hadi ukawa mgumu kunauongezea tu nguvu ya kuvimba ukinywa maji.

Maji kabla ya rola

Testi nyingi zinazofeli zilifeli asubuhi, wakati boza lilipomwaga kwa kukisia. Piga hesabu. Tuseme kipande ni mita 100 kwa upana wa mita 8, na lea ikishashindiliwa itakuwa milimita 150. Huo ni ujazo wa mita za ujazo 120. Kama densiti kavu unayolenga ni 1.79, una tani 214 hivi za udongo mkavu. Udongo umekuja na unyevu wa asilimia 9 na OMC ni 13: unahitaji nyongeza ya asilimia 4 ya tani 214, yaani lita 8,600 hivi. Boza la lita 10,000 linatosha na kubaki kidogo kwa ajili ya kinachopotea hewani.

Na kinachopotea si kidogo. Juni hadi Agosti, Iringa na Mbeya, asubuhi ni baridi hadi opareta anavaa makoti mawili, lakini kuanzia saa tano upepo mkavu unafyonza lea kwa kasi. Ukimwaga maji kabla ya chakula cha mchana na rola ikaanza saa nane, unyevu uliopima si unyevu unaoshindilia. Mwaga, greda lichanganye mara kadhaa mpaka rangi iwe moja toka juu hadi chini, rola iingie papo hapo. Kinyume chake, kuanzia Novemba, na Tukuyu karibu mwaka mzima, shida ni kukausha: funga lea kila jioni, ipe mteremko maji yatiririke, na usimwage kifusi kingi usichoweza kukishindilia siku hiyo.

Kwa nini kusumbuka na maji kama rola nzito inaweza kulazimisha densiti? Kwa sababu lea iliyoshindiliwa kavu inafaulu testi Agosti, halafu Januari maji yanaingia kwenye matundu ya hewa yaliyobaki, udongo unalainika na tuta linazama. Ndiyo maana mikataba hudai unyevu uwe karibu na OMC, kwa kawaida ndani ya asilimia 2, pamoja na densiti. Kufaulu kimoja hakufidii kingine.

Kipande cha majaribio

Kila udongo mpya, kila rola mpya, tengeneza kipande cha mita 50 au 100 pembeni. Pima densiti baada ya rola kupita mara 4, 6, 8 na 10. Mfano wa majibu: 89, 93, 95.5, 95.8. Hapo mara 8 zinatosha. Mara 10 ni dizeli inayoungua bure. Baada ya hapo msimamizi anahesabu mapito ya rola kila siku, na testi inakuwa ya kuthibitisha tu.

Ukiona namba inapanda kisha inashuka, mfano 95 halafu 93, simamisha rola. Kwa graniti iliyooza ina maana chembe zinapondeka, na udongo unageuka kuwa mwingine. Kwa majivu ya volkano ina maana muundo wa asili umevunjwa na maji yaliyojificha yametoka. Lea itaanza kucheza mbele ya tairi, na kuongeza mapito kunaiua zaidi. Huko Rungwe rola nyepesi isiyotikisa mara nyingi inashinda ile kubwa.

Shimo la testi, hatua kwa hatua

Njia ya koni ya mchanga, ambapo shimo hujazwa mchanga wenye densiti inayojulikana ili kupata ujazo wake, ndiyo inayoaminika zaidi, na vifaa vyake havihitaji umeme.

1. Simamisha rola na matipa yote ya karibu. Mtikisiko unaushindilia mchanga, unaingia mwingi shimoni, shimo linaonekana kubwa kuliko lilivyo na densiti inashuka bila kosa la mkandarasi.

2. Sawazisha eneo kwa pauro bapa. Kama rola ni ya meno, ondoa kwanza udongo uliovurugwa juu, maana haujashindiliwa bado. Bati lenye tundu likae bila kuchezacheza. Ukiacha upenyo chini yake, mchanga unajificha hapo.

3. Chimba kwa patasi na kijiko cha mezani hadi mwisho wa lea. Narudia, mwisho wa lea. Shimo la sentimita 7 kwenye lea ya sentimita 15 linapima gamba la juu, ambalo mara nyingi ndilo zuri. Kuta ziwe wima na laini. Usisukumesukume patasi pembeni.

4. Kila punje iliyotoka iingie kwenye mfuko wa nailoni, na ufunge mdomo hapo hapo. Tumia brashi. Upepo wa Iringa ukikuondolea gramu 60 umejipunguzia asilimia nzima au zaidi.

5. Weka chombo cha koni chenye mchanga uliopimwa uzito, fungua valvu, subiri mchanga uache kushuka, funga, pima kilichobaki.

6. Pima udongo wa shimo, kisha chukua sampuli ya unyevu kutoka katikati ya mfuko baada ya kuchanganya.

Sasa hesabu. Chombo kilikuwa na gramu 9,500, kimebaki na 4,880, zimetoka 4,620. Koni na bati peke yake, kwa kipimo cha maabara, hushika 1,420, hivyo shimoni ziliingia 3,200. Mchanga wetu una densiti ya 1.42, shimo lina sentimita za ujazo 2,254. Udongo ulikuwa gramu 4,610, densiti yenye maji ni 2.046. Unyevu asilimia 13.4: gawa 2.046 kwa 1.134, unapata densiti kavu 1.804. MDD ni 1.88. Jibu, asilimia 96.0.

Usiandike bado. Fanya ukaguzi mmoja ambao wengi huuruka: je, jibu linawezekana? Udongo usio na hewa kabisa, wenye chembe za uzito 2.67 ukilinganisha na maji, kwa unyevu wa asilimia 13.4 hauwezi kuzidi 2.67 kugawanya kwa 1.358 (1 kujumlisha 0.134 mara 2.67), yaani 1.966. Sisi tuna 1.804, tuko chini, sawa. Ungepata 1.98 ujue mizani, mchanga au unyevu umekosewa, kwa kuwa hakuna rola duniani inayoweza kushindilia hivyo.

Mchanga wa testi nao una visa. Uwe mkavu, wa chembe moja, na upimwe densiti yake upya kwa kila mfuko mpya. Ukiuokota kutoka shimoni, uchekeche na uukaushe kabla ya kuurudisha. Mchanga uliopigwa na umande wa Makambako asubuhi haumwagiki vizuri, unaacha matundu, shimo linaonekana dogo na densiti inapanda. Hilo ni kosa linalompendeza mkandarasi, kwa hiyo hakuna atakayekukumbusha.

Mawe nayo. Kama maabara ilichekecha na kutupa mawe yanayozidi milimita 20, na shimo lako limejaa mawe ya ukubwa wa yai, densiti yako imebebwa na mawe. Yachekeche, yapime uzito, fanya marekebisho. Ukiona asilimia 104 au 106 zinajirudia, usipongeze mtu. Tafuta MDD mpya.

Unyevu wa haraka, na mtego wake

Oveni inachukua usiku mzima, rola haingoji. Wengi hutumia kopo la Speedy lenye unga wa kabidi, unaotoa gesi ukikutana na maji, na geji inasoma. Kifaa ni kizuri, ila geji inasoma maji kwa uzito wa udongo *uliolowa*, wakati hesabu zetu zote ni kwa udongo *mkavu*. Ikisoma 11.8, gawa 11.8 kwa 88.2: unapata 13.4. Ukisahau, kwenye mfano wetu densiti kavu inaruka hadi 1.830 na jibu linakuwa 97.3 badala ya 96.0. Kwenye lea yenye asilimia 94 kosa hilo linageuza kufeli kuwa kufaulu. Kwa majivu ya volkano na mfinyanzi mzito, kabidi haifiki maji yote ya ndani; tumia oveni au usawazishe kopo na oveni kwanza. Kikaango juu ya jiko la gesi kinafaa kwa moramu, kwa majivu hakifai.

Vifaa vingine

Kopo la kupigilia linafaa kwa udongo laini usio na mawe. Likigonga jiwe, tupa jibu. Mashine ya nyuklia inatoa jibu ndani ya dakika moja, lakini inahitaji leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki, na usomaji wake wa maji unafuata haidrojeni, hivyo udongo wenye maji ndani ya chembe au mboji huidanganya. Ilinganishe na koni kwa kila udongo.

DCP, yaani chuma chenye ncha ya koni kinachopigiliwa ardhini kwa nyundo ya kilo 8 inayoanguka milimita 575, haipimi densiti. Inapima ukinzani. Lakini inashuka hadi sentimita 80 na kukuonyesha lea iliyo legevu chini ya lea nzuri, kitu ambacho shimo halikioni. Andika milimita kwa kila pigo. Pale zinaporuka ghafla, chimba uone. Kumbuka kwamba lea kavu ya Agosti itakataa chuma kana kwamba ni zege. Mvua zikija itasema jambo jingine.

Halafu kuna tipa lililojaa, likitembea taratibu kwenye lea nzima huku wewe umeinama pembeni ukitazama tairi. Mahali ardhi inaponyanyuka mbele ya tairi na kurudi, weka kigingi. Kwangu hiki ndicho kipimo chenye macho mengi kuliko vyote, kwa kuwa koni inaona sentimita 15 za mita 100.

Wapi pa kuchimba

Mkandarasi asikuchagulie, na wewe mwenyewe usijichagulie. Panga pointi kwa kura kabla hujafika, kisha ongeza zile zenye dhambi za kudumu: ukingo wa tuta ambako rola inaogopa kuporomoka, pembeni ya kalavati ambako rola haifiki na kompakta ndogo ilitumika kwenye lea nene mno, kiungo cha kazi ya jana na leo, na mahali matipa yanapogeuzia. Wanaojenga nyumba kwenye miteremko ya Mbeya na kujaza kifusi ndani ya msingi wana tatizo la kalavati hilohilo: kifusi cha nusu mita kinamwagwa kwa mkupuo, kompakta inapita juu, sakafu inapasuka baada ya masika mawili. Sentimita 15 kwa 15, zenye unyevu, hata bila maabara, zingetosha.

Ikifeli

Usikubali wastani. Majibu 98, 97, 90 yana wastani mzuri na shimo moja bovu. Chimba mawili mengine kuzunguka lile la 90 ujue ubovu unaishia wapi. Ukifeli kwa ukavu, ichane lea kwa greda, ongeza maji, shindilia upya. Kuongeza mapito juu ya lea kavu kunapoteza muda. Ukifeli kwa kulowa, chana na uache jua na upepo vifanye kazi, au ondoa udongo kama ni majivu yaliyokwisha kukorogeka. Ukifeli wakati unyevu uko sawa, kagua unene wa lea kwanza, kisha MDD, na rola iwe ya mwisho.

Kwenye daftari andika kituo, upande, kina cha shimo, namba ya machimbo, MDD iliyotumika na daraja lake, unyevu, hali ya hewa, na mapito ya rola. Piga picha ya shimo likiwa na rula ndani. Kisha lijaze kwa udongo uleule wenye unyevu na ulipigilie kwa nyundo, maana shimo lililoachwa wazi usiku wa mvua litakulazimu urudie lea nzima kesho.